Pamba, kitani, viskosi au layoseli: kuchagua kitambaa cha kuvaa na kufua Mwanza

Dukani kitambaa huchaguliwa kwa vidole. Mteja anakisugua, anakikunja kiganjani, anakiachia kianguke, kisha anasema hiki laini, nikatie yadi tatu. Tatizo ni kwamba vidole hupima kitambaa kikiwa kikavu, na nguo ya Mwanza haikai kavu muda mrefu: asubuhi jasho la kupanda mlima wa Bugando, mchana mvua ya ghafla kutoka ziwani, jioni beseni, sabuni na kukamuliwa. Vitambaa viwili vinavyofanana kabisa vikiwa vikavu huachana mbali vikilowa. Ndiyo maana hapa tunaanza na maji.

Vitambaa vinavyolinganishwa ni vinne: pamba, kitani, viskosi (wauzaji wengi huiita rayoni) na layoseli. Pamba na kitani vinatoka kwenye mmea vikiwa tayari nyuzinyuzi. Viskosi na layoseli ni mti ulioyeyushwa kiwandani ukafanywa nyuzi upya. Kitani na layoseli hupatikana kwa nadra kwenye majora ya madukani, ila kwenye mitumba ya Mlango Mmoja hujitokeza, na mara nyingi huuzwa bei moja na vingine kwa sababu hakuna aliyesoma lebo. Kwenye lebo layoseli huandikwa Lyocell, au kwa jina la kibiashara Tencel.

Kinachoviunganisha

Vyote vinne ni selulosi, kitu ambacho Mfaransa Anselme Payen alikitenga na kukitambua mwaka 1838. Ni minyororo mirefu ya glukosi iliyolala sambamba na kushikana ubavu kwa ubavu. Kwa kuwa kemia ni moja, tabia kadhaa ni za pamoja: vinaungua kama karatasi bila kuyeyuka, vinakunywa jasho, vinavumilia sabuni, vinaogopa tindikali na vinapendwa na ukungu.

Tofauti iko kwenye urefu wa mnyororo na jinsi ilivyopangwa. Mnyororo wa pamba una viungo vya glukosi vya kuhesabiwa kwa maelfu. Wa viskosi ya kawaida una 250 hadi 350 hivi. Layoseli iko kwenye 500 na zaidi kidogo. Tena kwenye pamba na kitani sehemu kubwa ya minyororo imepangika kwa nidhamu kama fuwele, na maji hayapenyi humo. Kwenye viskosi sehemu kubwa imekaa shaghalabaghala, na maji huingia yanavyotaka.

Vigezo

Kila kitambaa kitapitishwa kwenye maswali matano. Kikilowa kinabaki na nguvu kiasi gani, na kinabeba maji mengi kiasi gani? Mwilini kinakaaje kwenye joto la mchana? Fundi cherehani atapata shida gani? Kinafuliwa na kupigwa pasi vipi? Na mwisho, ni kitu gani hasa kinachokiua? Bei haimo, inabadilika kwa msimu na kwa muuzaji, na kwenye mitumba haifuati ubora kabisa.

Kabla ya kulinganisha, hakikisha una nini mkononi

Neno la muuzaji "pamba tupu" lisikutoshe. Chomoa uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana, kila mmoja kama sentimita 10, kutoka kwenye ukingo uliokatwa. Pima yote miwili, maana kuna vitambaa vyenye pamba upande mmoja na poliesta upande mwingine.

Washa ncha ya uzi ukiwa umeushika kwa kibanio juu ya sahani. Selulosi hushika moto mara moja, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua, na ukizima mwali ncha huendelea kuwaka kaa dogo kama utambi. Jivu lake ni laini, la kijivu, linapukutika. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu. Usikiguse kabla hakijapoa, kinang'ang'ania kwenye ngozi.

Moto hautakwambia ni selulosi ipi. Kwa hilo tumia mate. Chukua uzi mwingine, lowesha katikati yake tu kwa ulimi, shika ncha mbili zilizo kavu na uvute taratibu. Viskosi itakatikia pale penye maji, tena bila ubishi. Pamba na kitani kwa kawaida hukatikia pakavu. Layoseli nayo huweza kukatikia penye maji, lakini kwa kubishana. Kutofautisha pamba na kitani, fumua msokoto wa uzi kwa kucha: vinyuzi vya pamba ni vifupi, milimita 30 hivi au chini ya hapo, na ncha iliyokatika huonekana kama brashi ndogo. Vya kitani huwa virefu, vimenyooka, na uzi wenyewe una sehemu nene na nyembamba zinazoonekana kwa macho.

PAMBA

Kinyuzi cha pamba ni seli moja tu, unywele ulioota juu ya mbegu. Tumba likipasuka seli hukauka, hubonyea na kujisokota kama utepe, na misokoto hiyo ndiyo inayofanya vinyuzi vishikane vikisokotwa kuwa uzi. Kanda ya Ziwa ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, na mbegu zenye herufi UK, kama UKM08, ni kazi ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilichoko Misungwi.

Ikilowa: nguvu yake inaongezeka, kwa asilimia 10 hadi 20 hivi. Maji yanalainisha sehemu zilizokakamaa, mvutano unagawanyika kwa minyororo mingi zaidi, na kwa kuwa minyororo ni mirefu haichomoki. Hii ndiyo siri ya kanga kuvumilia kufikichwa miaka na miaka. Maji inayobaki nayo ndani ya vinyuzi baada ya kukamuliwa kwa mashine ni karibu nusu ya uzito wake.

Mwilini: kwenye hewa ya kawaida hubeba unyevu wa asilimia 7 hadi 8.5 ya uzito wake bila kuonekana imelowa; poliesta hubeba 0.4 tu. Jasho la wastani linamezwa vizuri. Jasho likizidi, pamba hujaa, hunata mgongoni na kuchelewa kukauka. Anayebeba mizigo Mwaloni anaijua hali hiyo.

Kwa fundi: ndiyo kitambaa kisicho na visirani. Sindano namba 14, mshono wa milimita 2.5, hakitelezi mezani. Kinachowaponza mafundi ni kurudi, yaani kitambaa kufupika baada ya maji. Pamba iliyofumwa huvutwa sana kiwandani, na ikikutana na maji nyuzi zinajirudia. Asilimia 3 hadi 8 ni kawaida kwa kitambaa ambacho hakikuandaliwa. Piga hesabu: kitenge cha yadi 6 ni mita 5.49, kikirudi kwa asilimia 5 umepoteza sentimita 27. Gauni la sentimita 140 lililokatwa bila kulowekwa litapanda sentimita 7, na mteja atarudi akiwa amelivaa.

Kwa hiyo loweka kabla ya kukata. Maji ya uvuguvugu, nusu saa, kitambaa kikiwa kimekunjuliwa si kikiwa kwenye kunjo la dukani. Usikamue kwa kusokota. Kibonyeze, kianike kwa upana, kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo, ndipo upime upya. Kuloweka huko kutakufichulia jambo la pili: wanga. Vitenge vya bei ya chini hupakwa wanga mwingi ili vionekane vizito. Kabla hujalipa, sugua kunjo mbili kwa nguvu juu ya kitambaa cheusi. Ukiona unga mweupe unadondoka, uzito unaoushika si wa pamba. Baada ya maji mawili hicho kitakuwa chandarua.

Kufua na pasi: inavumilia maji ya moto, sabuni ya mche, kufikicha na pasi ya nukta tatu, yaani nyuzi joto 200. Ndiyo peke yake kati ya hizi nne ambayo nyeupe yake inaweza kuguswa na jiki bila hofu kubwa: nusu kikombe cha chai kwenye ndoo ya lita 10 za maji baridi, dakika 10 hadi 15, kisha suuza mara mbili. Kumwaga jiki moja kwa moja kwenye doa ni kukata minyororo yenyewe. Tundu halionekani siku hiyo. Linaonekana wiki mbili baadaye.

Kinachoiua: ukungu, jiki kali na tindikali, ambayo tutaigusa chini. Kuna pia kasoro inayoanzia shambani. Vinyuzi ambavyo havikukomaa vina ukuta mwembamba, vinajifunga kuwa vinundu vidogo na havishiki rangi. Ukiona kitambaa cheusi au cha bluu iliyokolea kina nukta nyeupe zisizotoka kwa kufua, hiyo ni pamba changa, si uchafu. Tofauti ya pamba safi (daraja la kwanza) na pamba fifi (daraja la pili) kwenye mzani wa mnunuzi inasafiri hadi kwenye shati.

Inamfaa: anayefua sana, anayefua kwa nguvu, au asiye na muda wa kubembeleza nguo.

KITANI

Hiki kinatoka kwenye shina la mmea unaolimwa nchi za baridi kama Ufaransa na Ubelgiji. Kisichanganywe na katani ya mkonge, ambayo ni ya kamba. Ndani ya kinyuzi cha kitani minyororo imelala karibu sawa kabisa na urefu wake, ikipinda kwa digrii 6 hadi 10 tu. Kwenye pamba inazunguka kwa digrii 20 hadi 30. Hapo ndipo sifa na kasoro zake zote zinapotoka.

Kikilowa: kinaongeza nguvu kama pamba, kwa asilimia 20 hivi. Ziwa lenyewe linakijua: nyavu za makila zilizoingia Ziwa Victoria mwaka 1905 zilikuwa za kitani, na zilitumika hadi nailoni ilipoziondoa miaka ya 1950. Zilikuwa na nguvu majini, ila zilioza, na mvuvi alilazimika kuzianika kila mara. Nailoni haiozi.

Mwilini: kwa joto kali hakuna kinachokishinda. Kinanyonya haraka, kinaachia unyevu haraka, na ukakamavu wake unakifanya kisilale juu ya ngozi, hewa inapita kati. Asiyependa kuonekana amekunjamana hatakivumilia hata nusu siku.

Kwa fundi: sindano namba 14 au 16, mshono wa milimita 3. Kinafumuka ukingoni, kwa hiyo acha posho (kitambaa cha ziada nje ya mshono) ya sentimita 1.5 hadi 2 na upige ovaloki kabla ya kuunganisha. Loweka kama pamba. Epuka mishono ya marinda madogo yaliyobanwa sana.

Kufua na pasi: kifue utakavyo, lakini usikikamue kwa kusokota, kunjo za kukamua hazitoki. Kianike kikichuruzika. Pasi ipigwe kikiwa bado na unyevu, joto la juu kabisa. Kikikauka kabisa kabla ya pasi utatoka jasho bure.

Kinachokiua: kukunjwa palepale. Kwa kuwa minyororo imenyooka, kitani hakinyumbuki. Kinakatika kikivutwa kwa asilimia 2 au 3 tu, wakati pamba hufika 6 hadi 8. Kola inayokunjwa mstari uleule na suruali inayopigwa pasi kunjo ileile huanza kukatika kwenye mstari huo huku kitambaa kingine bado kizima. Hamisha kunjo kidogo kila pasi. Kwenye mitumba, kagua hapo kwanza: fungua kola, itazame dhidi ya mwanga.

Kinamfaa: anayeshinda kwenye joto, anayekubali mikunjo, na mwenye pasi ya uhakika.

VISKOSI

Njia yake ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1892 na Cross, Bevan na Beadle. Mbao husagwa kuwa rojo, hulowekwa kwenye kostiki soda, huchanganywa na kaboni disalfaidi mpaka iwe uji mzito wa rangi ya chungwa, kisha husukumwa kupitia vitundu vidogo ndani ya bafu lenye tindikali ya salfa, na uji unaganda kuwa nyuzi. Kaboni disalfaidi huumiza mishipa ya fahamu ya wafanyakazi viwanda visipodhibitiwa. Haibaki kwenye nguo kukudhuru wewe. Nguo zinazosifiwa kuwa "za mwanzi" nyingi ni viskosi hii hii ambayo rojo lake limetoka kwenye mwanzi, na Marekani sheria inataka ziitwe rayoni. Laini ni kweli. Miujiza mingine ya mwanzi iliishia kwenye pipa la kostiki.

Ikilowa: hapa ndipo ilipo hukumu yake. Inapoteza karibu nusu ya nguvu. Maji huingia kati ya minyororo mifupi, yanatenganisha mishikamano, vinyuzi vinavimba, na nguo inashikilia ndani ya vinyuzi maji yanayokaribia uzito wake mwenyewe, mara mbili ya pamba. Sasa fikiria dera la gramu 300 lililoanikwa kwa mabega kwenye kamba: pamoja na maji uzito wake umekuwa mara mbili, na hizo ndizo dakika ambazo ni dhaifu kuliko wakati wowote. Ndiyo maana linarefuka mbele, linaacha vilima viwili mabegani palipokuwa na vibanio, na kwapani uzi unaanza kusogea. Likikauka nguvu inarudi, umbo halirudi.

Mwilini: baridi, inamwagika vizuri, inabeba unyevu wa asilimia 11 hadi 13, na rangi hukolea kuliko kwenye pamba. Kwa mtandio, dera na gauni la harusi ya jioni ni vigumu kuibeza. Ikilowa jasho hung'ang'ania mwili na kuchelewa kukauka.

Kwa fundi: inateleza. Tandika karatasi au shuka la pamba mezani, bana kwa pini ndani ya posho, tumia sindano mpya namba 9 au 11. Sindano butu huvuta nyuzi na kuacha mistari. Posho isipungue sentimita 1.5, na nguo isiwe ya kubana, maana nyuzi husogea pembeni ya mshono ukivutwa. Inarudi kwa asilimia 5 hadi 10, na tofauti na pamba huendelea kurudi kidogo kwenye ufuaji wa pili na wa tatu. Iloweke mara mbili. Sketi pana itundike usiku kucha kabla ya kupinda chini, kwa kuwa sehemu zilizokatwa mshazari hushuka. Mafundi wanaoruka hatua hii ndio wenye sketi zinazoning'inia pembe.

Kufua na pasi: maji baridi, sabuni ya unga iliyokwisha kuyeyuka, dakika 10, bonyeza bila kufikicha. Viringisha ndani ya taulo, kanyaga, kisha anika kwa kulaza juu ya kamba mbili ili uzito ugawanyike. Pasi ya nukta mbili, nyuzi joto 150, upande wa ndani. Pasi ya mkaa haina nukta. Ijaribu kwanza kwenye pindo. Viskosi haiyeyuki, lakini hung'aa vibaya na kugeuka njano.

Kinachoiua: mikono yenye nguvu. Brashi, jiwe, kusokota. Na kostiki, ambayo wapaka batiki wanapaswa kuizingatia.

Inamfaa: nguo isiyofuliwa kila siku, na mfuaji mwenye subira. Inayofuliwa na dada wa kazi pamoja na jinzi za watoto haitafika mwaka.

LAYOSELI

Mti uleule, njia nyingine. Rojo huyeyushwa moja kwa moja kwenye kiyeyushi bila kaboni disalfaidi, na zaidi ya asilimia 99 ya kiyeyushi hicho hurejeshwa na kutumika tena. Kwa kuwa selulosi haikubadilishwa kuwa kitu kingine kwanza, minyororo inabaki mirefu kuliko ya viskosi na inajipanga vizuri.

Ikilowa: inapoteza asilimia 10 hadi 15 tu. Kwa nguvu ikiwa imelowa, hii inakaa karibu na pamba kuliko na ndugu yake. Maji inayoshikilia ni asilimia 65 hadi 70 ya uzito wake.

Mwilini kama viskosi, nyororo na baridi, ila haing'ang'anii sana. Fundi atumie sindano 11, na aloweke mara moja.

Kufua: maji baridi au vuguvugu, nguo igeuzwe ndani nje. Sababu ya kugeuza ndiyo kinachoiua: ikisuguliwa ikiwa imelowa, ngozi ya kinyuzi huchanika kwa urefu kuwa vijinyuzi vyembamba sana vinavyosimama na kutawanya mwanga. Matokeo ni michirizi myeupe kwenye makunjo, ukingo wa kola na mapaja, kama nguo iliyopauka, ingawa rangi bado iko chini yake. Hilo haliondoki kwa kufua tena, linaongezeka. Kwenye mitumba, layoseli ya rangi iliyokolea yenye ukungu mweupe kwenye mishono imekwisha kupita kwenye mashine nyingi. Iache, au chukua ya rangi hafifu ambayo haitaonyesha.

Inamfaa: anayetaka mwanguko wa viskosi lakini anafua kila wiki. Ukikuta lebo ya modali (Modal), ndugu mwingine wa viskosi, iweke katikati ya viskosi na layoseli.

Yanayogusa vyote vinne

Maji. Ya ziwa ni laini, sabuni inatoa povu haraka. Maji ya kisima yenye chumvi hufanya sabuni ya mche igande kuwa utando mweupe unaokakamaza kitambaa, na viskosi ndiyo inayolalamika kwanza. Huko tumia sabuni ya unga. Ufuaji wa kusimama ndani ya ziwa una kichocho. Chota maji, yaache siku mbili kwenye chombo, ndipo ufue.

Jua na mawe. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na karibu kabisa na ikweta. Jua hilo linapausha rangi na kuchosha selulosi. Geuza nguo ndani nje. Kuanika juu ya mawe ya mlimani ni desturi na kwa kanga hakuna shida. Viskosi na layoseli ziende kamba, kwa sababu jiwe ni la kukwaruza.

Ukungu. Ukungu una vimeng'enya vya kula selulosi. Nguo iliyokunjwa na unyevu wakati wa masika huota nukta nyeusi ndani ya siku chache, na iliyopigwa wanga huwahi zaidi. Mishono minene na mifuko ndiyo huchelewa kukauka, hivyo gusa hapo kabla ya kukunja.

Maji ya betri. Tone halitoboi hapo hapo. Maji yanakauka, tindikali inabaki na kuzidi ukali, inakata minyororo kimya kimya, na tundu linatokea baada ya kufua au chini ya pasi. Suuza mara moja kwa maji mengi, kisha loweka kwenye maji yenye kijiko cha magadi kwa kila lita, suuza tena. Ukisubiri jioni umechelewa.

Kwa hali yako

Sare ya shule inavaliwa siku tano na kufuliwa kwa brashi. Pamba tupu itavumilia, ila itakunjamana na kupauka. Mchanganyiko wa pamba na poliesta hudumu zaidi na hutoa joto zaidi. Kwa mtoto wa shati moja linalofuliwa usiku na kuvaliwa asubuhi, mchanganyiko hukauka kwa wakati. Mwenye mashati mawili ampe pamba.

Nepi, taulo na nguo za mtoto mchanga: pamba, kwa kuwa zinahitaji maji ya moto. Kwa ngozi tu layoseli ingefaa pia, lakini haitapenda kuchemshwa na kusuguliwa kila siku.

Nyumba ya wageni inayonunua mashuka: pamba nyeupe iliyofumwa kwa kubana, ilowekwe na kupimwa kabla ya kushonwa, na kiasi cha jiki kiandikwe ukutani pa kufulia. Mashuka mengi ya hoteli hufa kwa kukadiria jiki kwa jicho.

Ofisini, mwenye gari au anayekaa karibu: kitani, kama mikunjo haimkeri bosi. Anayepanda daladala kutoka Buhongwa atafika amekunjamana, na layoseli itamfaa zaidi.

Fundi anayeletewa kitambaa cha dera na mteja: fanya jaribio la mate mbele yake. Ikiwa ni viskosi, mweleze kuhusu kuloweka mara mbili na siku moja ya kutundika, na uongeze siku hiyo kwenye ahadi. Asiyetaka kusubiri, mshauri pamba nyepesi.

Kikundi cha batiki kinachotumia kostiki na haidrosi (kemikali za kuyeyushia rangi) kianze na pamba. Kostiki ya kiasi huivimbisha pamba na kuifanya ishike rangi. Viskosi huvimba kupita kiasi kwenye kostiki ya karibu asilimia 10 na kuweza kuharibika mikononi. Kama soko linataka viskosi, tumia rangi zinazofanya kazi na magadi badala ya kostiki, na punguza rangi, kwa sababu itakolea kuliko ulivyozoea. Kitani hupokea rangi kwa uvivu. Majaribio ya kipande cha kiganja kwanza.

Mvuvi na mchuuzi wa dagaa, ambao nguo zao zimelowa tangu alfajiri: hakuna kati ya hivi vinne kinachofaa kuwa nguo ya nje. Vyote vitabeba maji, vitakuwa vizito na vitaoza vikifungiwa kwenye mfuko wa boti. Nje vaa poliesta au nailoni, ndani fulana ya pamba, na ubebe ya pili kavu kwenye mfuko wa plastiki.

Muuza mitumba: tenga lundo la kitani na layoseli, kagua kola za kitani na mishono ya layoseli, kisha uze kwa lebo. Viskosi tundika kwa hanga pana au kunja. Ikikaa juu ya msumari wiki nzima ya mvua, itakuwa na pembe kabla haijapata mnunuzi.